Mama mhazini hakukosea neno la siri

Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kukausha sombe wakati wa mvua. Nisameheni, sombe itangoja. Kuna jambo limetokea ofisini kwetu hapa Kalemie, na katika kikao cha siku ya posho tulikubaliana niliandike lote, hata sehemu inayotuaibisha, kwa sababu vikundi vingi vinavyosoma karatasi hii vina mashine inayofanana na yetu.

Mashine yenyewe mnaijua. Ni ile kompyuta nyeusi ya kukunja, iliyofutika herufi E, ambayo tuliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine. Ndani yake mna Windows 7, mna daftari la likelemba, majina ya wanachama, barua tulizoandikia komine, na hesabu za duka la unga. Mna pia faili moja ambayo nitaizungumzia mbele kidogo.

Modemu yetu ya zamani iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Tukachanga, tukanunua mpya. Kijana wa duka alikuja kuifunga, akaipa jina lilelile la mtandao na neno la siri lilelile la zamani, ili tusisumbuke. Simu yangu ikaingia mara moja. Ya mama mwenyekiti ikaingia. Mashine ikakataa. Ikaandika kwa Kifaransa sentensi ndefu ambayo mama mhazini aliisoma mara moja tu, akaamua kwamba maana yake ni neno la siri limekosewa. Akaliandika tena. Akaliandika kwa herufi kubwa. Akamwita mama katibu alisome kwa sauti, herufi moja moja, naye akaandika. Alihesabu mwenyewe: mara 11. Siku ya pili wengine walianza kumwambia kwamba macho yake yamechoka na kazi ya hesabu wapewe vijana. Mtu ameshika fedha zetu miaka sita bila kupotea hata franka moja, leo anaambiwa hajui kuandika neno la herufi kumi.

Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, hucheka kila tunaposema wifi, maana kwao wifi ni dada ya mume. Siku hizo alikuwa akipita mlangoni na kuuliza, «Wifi bado anamkataa mgeni?» Mama mhazini hakucheka.

Simu ya zamani ya mama katibu nayo ilikuwa imekataa kuingia, lakini hatukuitilia maanani. Tulisema simu hiyo imezeeka. Kumbe jibu lote lilikuwa hapo.

Siku ya tatu akaja kijana mmoja wa kartie, mtoto wa watu, mwenye heshima, anayejulikana kwa kujua mambo ya mashine. Akakaa dakika kumi. Mashine ikaingia kwenye mtandao. Tulimpa soda na ndakala za kupeleka nyumbani, tukamshukuru mbele ya watu. Hatukumwuliza amefanya nini. Hilo ndilo kosa letu, na ni letu sisi, si lake.

Alichofanya ni hiki: aliingia ndani ya modemu akaondoa kufuli. Mtandao wetu ukawa wazi, usiouliza neno la siri kwa mtu yeyote. Mashine ilipoingia, ikauliza kama mtandao huu ni wa nyumbani, wa kazini au wa mahali pa watu wote. Akabonyeza nyumbani. Kwa Windows 7 jibu hilo si la adabu tu, ni amri: linaiambia mashine kwamba iko kati ya ndugu, ijionyeshe kwa wengine na kufungua mafaili iliyoruhusiwa kugawana. Na sisi, miezi mingi nyuma, tulikuwa tumefungua faili zetu zote kwa kugawana bila neno la siri, ili mama katibu azisome kwenye mashine yake ya nyumbani anapokuja nayo.

Baada ya siku tatu mega za mwezi mzima zilikuwa zimekwisha. Tulipotoka nje tuliona vijana wamekaa chini ya ukuta wetu, kila mmoja ameinamia simu. Siwalaumu. Anayekuta bomba linamwaga maji barabarani huleta ndoo.

Lakini mega si kitu. Mega zinanunuliwa. Faili niliyowaambia ina majina ya wamama tisa waliokuja kwetu usiku, kwa miaka mbalimbali, wengine na watoto, wakitafuta mahali pa kulala. Mna majina yao, walikotoka, walikopelekwa, na kwa wengine jina la mtu waliyekuwa wakimkimbia. Kwa siku tatu mtu yeyote mwenye kompyuta, aliyesimama barabarani mbele ya ofisi, angeweza kuifungua kama anavyofungua dirisha.

Mama mwenyekiti aliposikia hivyo alivuta waya wa modemu ukutani kwa mkono wake. Kisha tukaenda kumtafuta dada fundi, yule msichana anayetengeneza simu karibu na gare.

Dada fundi alikaa, akawasha modemu, akaingia kwenye ukurasa wake. Vyombo vilivyokuwa vimeunganika vilikuwa 14. Sisi tuna vitano. Akarudisha kufuli kwanza, akaweka neno la siri jipya, ndipo akaanza kuitazama mashine. Akamwomba mama mhazini asome ile sentensi ya Kifaransa polepole, mpaka mwisho. Ilikuwa inasema kwamba mipangilio iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta hii hailingani na masharti ya mtandao. Haikusema lolote juu ya neno la siri.

«Mama, hukukosa kitu,» akamwambia. «Hii mashini iko muzima. Iko inazungumuza luga ya zamani, na modemu inataka luga ya leo tu.»

Mama mhazini aliuliza kama anaweza kurudia maneno hayo siku ya posho mbele ya watu wote. Alirudia.

Sasa nieleze hiyo lugha, kwa sababu nilimwomba anifundishe na ninafikiri kila mama mwenye modemu nyumbani anaweza kuielewa. Mtandao usio na waya haukai ndani ya ukuta. Unatoka, unafika kwa jirani na barabarani. Kwa hiyo tangu kanuni zake za kwanza, za mwaka 1997, waliozitunga waliweka kufuli ya kuufunga. Ya kwanza iliitwa WEP. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha kwamba kufuli hiyo ina udhaifu mkubwa, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha namna ya kuifungua kwa muda usiofika dakika moja. Katikati ya hapo, mwaka 2003, ilikuja WPA. Hiyo ilikuwa kiraka: ilitengenezwa ili kadi zilezile zilizokwisha kuuzwa ziweze kuitumia kwa kubadilishiwa programu tu, bila kununua kadi nyingine. Mwaka 2004 ikafuata WPA2, ambayo ni kitambaa kipya kabisa, na tangu Machi 2006 hakuna chombo kipya kilichopewa cheti cha Wi-Fi bila kuwa nayo. Mwaka 2018 ikatangazwa WPA3, ambayo ndiyo ya sasa.

Modemu yetu mpya iliwekwa kwenye WPA3 peke yake. Mashine yetu inajua mpaka WPA2, na Windows 7 haijui WPA3 kabisa. Simu ya mama katibu vilevile. Ndiyo sababu neno la siri lingeweza kuandikwa mara 11 au 1,100, hali isingebadilika.

Namna ya kujua mashine yako inafika wapi ni rahisi kuliko nilivyofikiri. Ukiwa na Windows 7 au inayofuata, shika kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R. Kutatokea kisanduku kidogo. Andika humo cmd, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Kutafunguka ukurasa mweusi ambao watoto hupenda sana kwa sababu unafanana na filamu. Andika humo netsh wlan show drivers, ukiacha nafasi kati ya maneno, na bonyeza tena. Mashine itakuandikia mistari mingi. Tafuta mahali palipoorodheshwa WEP, WPA na wenzao. Ukiona mstari wenye WPA2 pamoja na CCMP, kadi yako ni nzima na ina kufuli inayofaa. CCMP ni jina la ndani la kile ambacho modemu nyingi hukiita AES. Mama mhazini ndiye aliyeandika maneno hayo kwa mkono wake, na mstari wa WPA2 ulikuwepo.

Basi dawa yetu haikugharimu kitu. Dada fundi alirudi kwenye ukurasa wa modemu. Anwani yake mara nyingi imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya modemu yenyewe, kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kwenye sehemu ya usalama, badala ya WPA3 peke yake, akachagua ile inayokubali WPA2 na WPA3 pamoja. Simu mpya zinaendelea kutumia ya juu, mashine ya zamani inaingia kwa ya chini yake. Alisisitiza kwamba hapo ndipo pa kusimama. Usishuke kwenye WPA ya kwanza, usichague TKIP, na WEP iache ilale. Kuna modemu zenye chaguo linaloitwa WPA na WPA2 pamoja. Linavutia kwa sababu linakubali kila kitu, lakini unakuwa umemfungulia mwizi mlango wa jikoni.

Kisha kwenye mashine akafuta kumbukumbu ya mtandao wa zamani, akachagua mtandao upya, akaandika neno la siri. Mara ya kwanza. Ikaingia. Ilipouliza ni mtandao wa aina gani, akajibu wa mahali pa watu wote, ingawa ni ofisi yetu. Jibu hilo linaifanya mashine ijifunike. Na kule kugawana mafaili bila neno la siri akakuzima. Mama katibu sasa huchukua anachohitaji kwenye flash.

Nilimwuliza kama kuchanganya WPA2 na WPA3 si kupunguza ulinzi. Akasema ndiyo, kidogo, na kwamba hatusemi uongo juu ya hilo. WPA2 yenyewe ilipata tundu mwaka 2017, lililogunduliwa na mtafiti wa Ubelgiji, Mathy Vanhoef, na likazibwa kwa programu mpya, lakini kwa yule tu aliyeziweka. WPA2 yenye neno la siri refu bado ni mlango wa mbao ngumu. Neno letu la zamani lilikuwa jina la chama na mwaka kilipoanzishwa, jambo ambalo kila mtu mjini analijua kwa sababu limeandikwa kwenye vitenge vyetu. Sasa ni maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili, yaliyochaguliwa na mama wa Kigoma. Hata mumewe hajaambiwa.

Wakati mwingine mashine ya zamani hukwama hata modemu ikiwa imechanganya, kwa sababu kadi haielewi nyongeza za WPA3 zinazotangazwa pamoja. Hapo dawa nzuri ni mtandao wa wageni. Modemu nyingi za sasa zinaweza kutoa mitandao miwili yenye majina mawili. Ule mkuu uache kwenye WPA3, wa wageni uweke kwenye WPA2 yenye AES, na mashine ya zamani ikae huko na wageni, bila kuona vyombo vya familia. Mimi nyumbani nimefanya hivyo kwa ajili ya mashine ya mwanangu wa pili, na ninaona ni bora kuliko tulivyofanya ofisini. Ofisini walikataa, wakasema majina mawili yatawachanganya wazee. Haya.

Kama jina la mtandao halionekani kabisa kwenye mashine, wakati simu inaliona, usikimbilie kufuli. Tazama kwanza pembeni mwa mashine: nyingi za zamani zina kitufe kidogo cha kuzima na kuwasha wifi, na mtoto akikigusa mtahangaika juma zima. Pili, kadi nyingi za zamani husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu. Modemu ikiwa imewekwa kwenye 5 peke yake, mashine ni kiziwi kwake.

Mashine nyingine inaweza isionyeshe WPA2 kwenye ule ukurasa mweusi ingawa kadi yake inaiweza. Kinachokosekana ni programu inayoiendesha kadi, ile ambayo mafundi huita drayva. Ya zamani haikufundishwa, mpya imefundishwa, na hupatikana kwenye ukurasa wa aliyetengeneza mashine, kwa jina kamili la modeli lililo chini yake. Swali la haki ni hili: nitaipataje programu ya kuingia mtandaoni kama siwezi kuingia mtandaoni? Chukua simu yako ya Android na waya wake wa kuchajia, iunganishe na mashine, kisha ndani ya simu, kwenye sehemu ya kugawa mtandao, chagua kugawa kwa njia ya USB. Mashine itapata mtandao kupitia waya, bila kuihitaji kadi ya wifi hata kidogo. Angalia mega zako, kwa maana Windows ikipata mtandao hupenda kuvuta mambo yake kimyakimya.

Nitasema wazi kwamba kwangu waya ndiyo dawa ya kwanza. Kama mashine haitoki mezani, nunua waya wa mtandao, ule mnene wenye kichwa cha kubofya, uchomeke nyuma ya modemu na upande mwingine kwenye mashine. Hauulizi WPA gani. Mita tano ofisini kwetu zingetuokoa na haya yote. Hakuna aliyefikiri, kwa sababu sote tulikuwa tunashughulika na macho ya mama mhazini.

Kama kadi imekufa au haina WPA2 kabisa, kuna ufunguo mdogo wa wifi unaochomekwa kwenye tundu la USB na kuchukua kazi ya kadi. Sokoni kwetu niliuona kwa dola 7. Lakini sikilizeni yaliyompata mama wa kikundi cha jirani. Alinunua, akarudi nyumbani, akakuta programu yake iko kwenye sahani ya CD, na mashine yake haina mahali pa kuweka CD. Alipoipata kwa njia ya simu, ikasema inataka Windows 10. Mwuzaji alikataa kurudisha fedha kwa sababu mfuko ulikuwa umechanika. Peleka mashine yako mpaka kwa mwuzaji, na shaji, na usitoe fedha mpaka uone imeingia kwenye mtandao wenye WPA2 mbele ya macho yako. Fundi akikuambia atabadilisha kadi ya ndani, mwulize kwanza kama mashine hiyo inakubali kadi yoyote. Kuna watengenezaji waliozifunga mashine zao zikatae kadi isiyo kwenye orodha yao. Unawasha, inasimama kwenye maandishi meupe, basi.

Tuna mashine ya pili, ile iliyokuja kwenye gunia la zawadi pamoja na nguo za baridi. Ina Windows XP, na kwenye kadi yake imeandikwa 802.11b, kanuni ya mwaka 1999. Dada fundi aliitazama, akaifunga, akasema, «Huyu apumzike.» Kadi hiyo inajua WEP tu, na funguo za USB zenye programu ya Windows XP ni shida kupata siku hizi. Baadhi ya wenzangu walisikitika, wakaona tunatupa zawadi. Hatuitupi. Wasichana wanaojiandaa kutafuta kazi watajifunzia kuandika humo, kwa vidole kumi, bila mtandao. Kwa kweli watajifunza haraka zaidi bila mtandao.

Ya kwanza, hata baada ya kuingia, ilitupa usumbufu mmoja zaidi. Kurasa nyingi zilikataa kufunguka, zikisema usalama wake si sawa. Tukadhani ni kufuli tena. Ilikuwa tarehe. Ndani ya mashine kuna betri ndogo ya kuweka saa. Ikifa, kila unapowasha, mashine huamka ikidhani ni mwaka 2009, na kurasa za leo haziaminiki kwa mtu anayeishi 2009. Tumerekebisha tarehe kwa mkono, betri itabadilishwa mwisho wa mwezi.

Na Windows 7 yenyewe watengenezaji wake waliacha kuipa ulinzi mpya tangu tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo kufuli ya mtandao ni moja tu, na ndani ya nyumba bado kuna madirisha mabovu. Tumeamua kutofungua mambo ya fedha za simu wala ya benki kwenye mashine hiyo. Dada fundi anataka tuweke Linux, ambayo ni ya bure. Mimi nimekubali, lakini baada ya hesabu za mwisho wa mwaka. Mama mhazini anajua kila kitu kilipo, na juma hili amesumbuliwa vya kutosha.

Imebaki habari ya faili. Tulikaa watatu, mama mwenyekiti, mama mhazini na mimi, tukajiuliza kama tuwaambie wale tisa. Kulikuwa na sauti iliyosema tunyamaze, kwamba pengine hakuna aliyefungua, na tutawatia hofu bure. Mama mwenyekiti akasema hofu ni yao, na nyumba wanazolala ni zao, wao ndio wajue la kufanya. Hatukutuma ujumbe wala kupiga simu. Tulikwenda, na kwa wawili waliohamia Moba alikwenda mtu tunayemwamini. Wengi walisikiliza, wakashukuru, wakaendelea na kazi zao. Mmoja aliendelea kupepeta mchele muda mrefu, kisha akauliza kama jina la mtoto wake limo humo. Lilikuwamo. Aliuliza kwa nini tuliliandika. Hatukuwa na jibu zuri.

Sasa faili hiyo haimo tena kwenye mashine. Imo kwenye flash moja, ndani ya sanduku la chuma, na majina ya watoto tumeyafuta. Yule mama alikuja kutazama tukiyafuta.

Siku ya posho dada fundi atakuwa ofisini kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Njooni na mashine zenu, na shaji, na mkikumbuka andikeni kwenye karatasi kile ambacho mashine inasema inapokataa, neno kwa neno, mpaka mwisho wa sentensi. Ataomba franka kidogo za usafiri. Juma lijalo ni sombe, kweli.